Sekunde Kumi na Moja Kwenye Malka

Watu wa Kulesa walipomwita Mzee Kuno mkanyaga kaburi, neno hilo lilitoka kwangu. Sikulitamka mimi. Niliandika programu iliyolisema kwa niaba yangu, kisha nikasimama kando, mikono nimeikunja, nikawaambia watu kwamba mashine haidanganyi.

Naitwa Lavender. Shamba la baba yangu, Jairus, liko Kulesa, na linapakana na malka, njia ambayo ng'ombe wa wafugaji Waorma huteremkia mtoni Tana katikati ya mashamba yetu sisi Wapokomo. Kiangazi kikikaza ng'ombe hufika kwa mamia, na wakifika hakuna wa kuwaambia wasubiri. Malka ikiwa pana na inajulikana, watu husalimiana. Ikiwa imezibwa au inabishaniwa, watu hukumbuka mapanga yao yalipo. Mwaka ule wa mapigano nilikuwa mtoto na sitausimulia hapa. Itoshe kusema kwamba hakuna mtu wa huku anayelichukulia jambo la malka kama mchezo.

Kamati ya malka, nusu wakulima na nusu wafugaji, ilikuwa na ramani mbili za karatasi, na kila upande uliapa kwa ya kwake. Mwenyekiti wao, Sadik, mwenye duka la nafaka mjini Garsen, alinijia kwenye chumba changu cha kazi mjini humo, juu ya duka la dawa za mifugo, akaniuliza kama kompyuta inaweza kumaliza ugomvi huo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na cheti changu, nikijiona mjuzi kuliko mji mzima. Nikamwambia inaweza.

Nilichotengeneza kilikuwa hivi. Kwenye tableti kubwa kuna picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani. Mzee wa wakulima anaweka kidole kwenye mpaka wa shamba, mzee wa wafugaji anaweka chake kwenye njia ya ng'ombe, na vidole vyote viwili vinatembea pamoja kutoka barabarani hadi mtoni. Mistari haionekani mpaka mwisho, ili asiwepo wa kuchungulia mstari wa mwenzake akaufuata. Wakifika mtoni, programu inaongeza hatua ishirini kila upande wa mstari wa ng'ombe, na hiyo ndiyo malka. Kanuni moja niliitunga mwenyewe na nikaipenda mno: kidole kwenye kioo ndilo neno lako, usikiinue hadi mtoni. Anayeinua amejitoa katika mapatano.

Jumamosi ya kuchora, darasa la shule ya msingi lilijaa. Wakulima walimchagua baba. Wafugaji walimchagua Mzee Kuno, na hakuna aliyeshangaa, kwani wawili hao walikuwa wamejuana miaka arobaini. Kuno alikuwa akituletea maziwa kwenye kibuyu, nasi tukikirudisha kibuyu kikiwa na mahindi. Baba alimpisha rafiki yake aweke kidole kwanza, kisha akaweka chake. Jua lilipiga kioo kutoka dirishani, watu walijazana migongoni mwa wazee, na mimi nilikuwa nikihangaika na waya wa betri. Wazee walichora polepole, vichwa chini.

Mistari ikatokea. Mstari wa Kuno ulikuwa umeshuka vizuri hadi karibu na kona ya shamba letu, kisha umeruka, ukaingia kwenye mpaka wa baba na kuufuata, halafu ukaruka tena kurudi kwenye njia yake. Zile hatua ishirini zilimega shamba. Ndani ya kipande kilichomegwa lilikuwemo kaburi lenye msalaba wa saruji la mama yangu, Alice, tuliyemzika miaka mitatu kabla.

Baba alisimama akashika meza. "Umepitisha ng'ombe juu ya mke wangu," akasema.

Kuno aliinamia kioo. "Mimi kidole yangu haikupita hapo, Jairus," akajibu. Kisha akanigeukia. "Wewe binti ya Alice. Hii kitu iko na hakika?"

Hapo ndipo nilipokunja mikono. "Mashine haidanganyi, mzee," nikasema.

Hakubisha. Alichukua fimbo yake akatoka, na waliokuwa mlangoni hawakumpisha kama ilivyokuwa desturi yao kumpisha. Kabla ya adhuhuri Sadik alikuwa amemvua kiti chake cha kamati na kuitisha mkutano mwingine siku ya Jumatano, wachore upya na mtu mwingine na kuipiga ramani muhuri. Vijana wa kwetu walikuwa wameshampa lile jina. Asubuhi ya Jumapili maziwa yaliletwa kama kawaida, na baba akakirudisha kibuyu na maziwa yakiwa ndani. Kwetu hakuna njia ya kumtukana mtu kupita hiyo, na nilimwona akifanya hivyo nisimzuie, kwa sababu nami nilikuwa na hasira. Yule ni mama yangu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Madina alipanda ngazi za chumba changu. Ni binti wa mwisho wa Kuno, mwanafunzi wa ualimu, msichana wa maneno machache. Sikumkaribisha kiti. Alikaa mwenyewe.

Aliniambia baba yake hali chakula. Asubuhi anawafungulia ng'ombe zizi, kisha anarudi kulala, yeye ambaye hajawahi kulala mchana maishani mwake. Watu wake wenyewe wameanza kumwuliza kwa nini amewaharibia. Jumatano muhuri ukigongwa na kiti chake kikapewa mtu mwingine, jina hilo litamfuata hadi kaburini kwake. Alisema kwamba hakuja kuomba msamaha wa mtu, alikuja kuomba niiulize mashine tena.

Nikamwambia mashine imeshasema.

"Nani aliifundisha kusema?" akauliza.

Nikawasha tableti ili nimwonyeshe alivyokosea. Niliweka kidole cha mkono wa kulia kwenye njia ya ng'ombe na cha kushoto kwenye mpaka wa shamba, nikavitembeza hadi mtoni. Mistari miwili ikatoka safi. Nikarudia. Nikarudia mara nane, haraka, polepole, kwa kukwaruza, na kila mara mistari ilitoka safi, na kila mara nilimtazama Madina usoni nikiona raha ambayo leo naijutia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeijaribu programu tangu mwanzo, peke yangu, na mikono yangu miwili.

"Wao walikuwa wawili," Madina akasema. "Wacha niweke mimi."

Akaweka kidole chake kwenye njia ya ng'ombe, mimi nikaweka changu mpakani, tukaanza kushuka. Feni ilikuwa ikipuliza mtandio wake. Tulipokuwa katikati ulimteleza begani, akainua mkono, akauweka sawa, akarudisha kidole. Mimi niliendelea na safari yangu. Tulipofika mtoni mistari ikatokea, na wa Madina ulikuwa umeruka ukaingia kwenye mpaka wangu, ukaufuata urefu wa kidole kimoja, kisha ukaruka kurudi.

Nilivuta kiti karibu na meza. 

Nitalieleza kosa kwa lugha nyepesi, maana ni jepesi, na wepesi wake ndio unaoniuma. Kidole kikigusa kioo, tableti hukipa vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi katika foleni: wewe wa kwanza, wewe wa pili. Cha pili ni namba yake mwenyewe, ambayo hubaki nayo muda wote kinapogusa. Foleni ya vidole ni kama foleni ya mitungi pale bombani. Wa mbele akitoka, aliye nyuma yake anasogea anakuwa wa kwanza. Namba haisogei, na anayerudi huchukua namba iliyoachwa wazi pamoja na nafasi yake ya zamani. Mimi nilikuwa nimeiambia programu kwamba aliye wa kwanza kwenye foleni ndiye Kuno. Basi Kuno alipoinua kidole, cha baba kikasogea mbele, na kila mahali kilipopita programu ikaandika kwamba Kuno amepita. Kidole kilichopita kando ya kaburi la mama kilikuwa cha mumewe.

Bahati nzuri, sikuwa nimefuta kumbukumbu ya Jumamosi. Tableti ilikuwa imehifadhi kila mguso, saa yake, mahali pake na namba yake, namba ambazo sikuwahi kujisumbua kuzisoma. Nilizisoma sasa, mstari baada ya mstari, Madina akiwa ameinama begani kwangu. Kidole namba sifuri, yaani cha Kuno, kilishuka barabarani, kikashuka sawasawa na njia ya zamani ya ng'ombe. Saa nne na dakika arobaini na mbili kiliinuka. Kilikaa juu sekunde kumi na moja. Kisha kikarudi mbele kidogo ya pale kilipotoka, kikaendelea hadi mtoni. Nilipochora upya kwa kufuata namba, mstari wake haukukaribia shamba letu hata mara moja.

Niliona haya. Sina neno zuri zaidi. Nilimwomba Madina msamaha, naye akasema si yeye wa kuombwa.

Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye lile pengo. "Hapa ni wapi?"

"Usawa wa kaburi la mama."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema hajui kwa nini baba yake aliinua kidole hapo, kwani wasichana hawaendi malishoni na hajawahi kumwona akipita pale na ng'ombe. Alichojua yeye ni kwamba mwaka wa mapigano, yeye akiwa na miaka minane, mama yangu alimficha siku tatu kwenye ghala letu la mahindi, akimlisha uji usiku, na alipomrudisha kwao alikuwa amemsuka nywele. Nilikuwa nalijua hilo. Kwetu halikuzungumzwa, lakini nilikuwa nalijua.

Marekebisho yalikuwa maneno matano. Niliyaandika kwa dakika mbili. Nikaongeza jambo moja, kwamba kidole kikiinuka na kurudi, programu ikitafutie mstari ulioachwa karibu nacho badala ya kuangalia nani kawahi. Dakika kumi hazikufika, na mtu alikuwa hajala siku mbili.

Jumanne nilimfuata baba shambani, nikamkuta akifyeka vichaka vya miiba vya mathenge vilivyoanza kuingia kwenye migomba. Nilimweleza yote, nikasema kosa ni langu. Alisikiliza bila kuacha kufyeka. Mwishowe akasema kwamba Jumamosi mashine ilisema Kuno amevuka, leo inasema hakuvuka, kesho itasema nini? Nikataka kumwonyesha kwenye tableti. Akakataa kuitazama. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa maneno ya kwamba mashine haidanganyi aliyapata kwangu.

Jumatano darasa lilijaa kupita mara ya kwanza. Kuno alikuja kwa sababu Madina alimshika mkono akamleta, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pa mtu asiye na kiti. Sadik alinipa nafasi niseme.

Nilisimama nikasema kwamba Mzee Kuno hakuvuka mpaka. Nikasema mashine ilidanganya kwa sababu niliifundisha vibaya, kwamba niliijaribu na mikono yangu mwenyewe tu, na kwamba mzee aliponiuliza kama ina hakika nilimjibu kwa kiburi. Nikawaonyesha mstari wa kweli. Nikaeleza ile foleni ya mitungi, na nikaona vichwa vikianza kukubali, hata vya vijana wetu. Nilidhani mzigo umeshuka.

Ndipo mmoja wa wakulima akauliza swali ambalo nilipaswa kuliona linakuja. Ikiwa programu ilikosea kwa sababu Kuno aliinua kidole, basi Kuno aliinua kidole. Na anayeinua kidole amejitoa. Si ndiyo kanuni aliyotusomea huyu dada? Jumamosi kumbe mzee alikuwa hakubaliani na mapatano, akanyamaza tu.

Ukumbi ukaanza kuvuma, na safari hii pande zote mbili. Wafugaji nao walitaka kujua kwa nini mtu wao aliwaacha katikati ya njia. Nilisimama pale na ukweli wangu mkononi, nikiona unavyomzamisha yule yule niliyekuja kumtoa. Nikasema kanuni ile niliitunga vibaya. Hakuna aliyenisikia.

Sadik alinyamazisha watu, akamwuliza Kuno kwa adabu, aliinua kidole?

"Niliinua," Kuno akasema.

Kwa sababu gani?

Kuno alitazama fimbo yake. "Hiyo sababu si ya kamati," akasema, na akafunga mdomo. Madina alimnong'oneza kitu, naye akakataa kwa kichwa.

Baba alikuwa mbele, mgongo wake kwangu. Sikumwona uso. Nilimsikia tu akiuliza, bila kugeuka, "Aliinua wapi?"

Nilimpelekea tableti. Alivaa miwani. Nilimwekea kidole kwenye lile pengo, nikamwambia muda, sekunde kumi na moja. Aliangalia picha, mti wa mkwaju kwenye kona, paa letu, doa jeupe la msalaba.  Kisha akavua miwani, akageuka kuutazama ukumbi, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Ninajua alichofanya," akasema. "Kila kiangazi namwona. Akifika pale na ng'ombe anaweka fimbo kwapani, anainua mikono kumwombea dua Alice, anasimama. Ng'ombe wanampita. Halafu anawafuata. Mimi huwa niko kwenye migomba, namwona, sijawahi kumwambia kwamba namwona." Alipumua. "Alifika pale kwenye picha, akasimama. Ningejua siku ile ile. Ningejua, kama ningeuliza badala ya kupiga kelele."

 Baba alitembea katikati ya mabenchi hadi mlangoni, akasimama mbele ya Kuno kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Nimekosa, Kuno."

Mzee hakuharakisha. "Kibuyu yangu ilirudi na maziwa ndani," akasema. "Nilimwaga hiyo maziwa mwenyewe. Bado inaniuma, Jairus. Itauma kidogo tena."

"Iume," baba akasema. "Nitangoja."

Sadik aliuliza kama kuna anayepinga Kuno arudi kwenye kiti chake na wazee wachore upya. Hakuna aliyepinga. Kuno alikubali kuchora. Kiti alisema atakifikiria, na mpaka leo ninapoandika haya bado anakifikiria.

Wakakaa mezani. Sadik alinitazama akingoja nisome kanuni, nikasema hakuna kanuni. Nilifungua kompyuta yangu pembeni ili nione namba zikipita, kwa sababu sikuiamini tena programu yangu, na sikujiamini mimi. Kuno aliweka kidole. Baba akaweka chake. Wakaanza kushuka kutoka barabarani, polepole.

Walipofika usawa wa kaburi niliona kwenye kompyuta: kidole namba sifuri kimeinuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikatazama kidole namba moja, cha baba, nikingoja kiendelee kama Jumamosi ili nijue kama marekebisho yangu yanashika.

Kidole namba moja kikainuka.

Niliinua macho. Baba alikuwa amevua kofia. Kuno alikuwa ameinua viganja vyake, macho ameyafumba. Kioo kilibaki kitupu, mistari miwili imekatika kando ya mama yangu, na vidole vyote viwili kuinuka pamoja ni jambo ambalo sikuwa nimelijaribu. Sikujua kama programu ingemkumbuka kila mmoja. Nilitaka kuwaambia, nikashindwa, nikalia.

Kuno alimaliza kwanza. Alirudisha kidole mahali pake, na mstari wake ukamtambua. Lakini hakuendelea. Baba alikuwa bado kichwa chini, kofia mkononi, na kwenye kompyuta yangu kidole namba sifuri kilikaa pale pale, sekunde baada ya sekunde, hakikusogea hata kidogo, mpaka cha baba kiliporudi.